Jeshi la Wanamaji la Kenya: safari ndefu ya kuhuisha meli za doria

Shehena inayotoka katika viwanda na maghala ya Dubai Investments Park, kusini mwa jiji la Dubai, huwa na safari fupi ya barabarani hadi bandari ya Jebel Ali, na safari ndefu ya baharini baada ya hapo. Ikielekea Mombasa hupita mlango-bahari wa Hormuz, huambaa pwani ya Oman, kisha huteremka mbele ya pwani ya Somalia kabla ya kuingia katika maji ya Kenya.

Katika hatua ya mwisho ya safari hiyo, mlinzi ni Jeshi la Wanamaji la Kenya. Ni jeshi dogo, lisilo na nyambizi hata moja, na ambalo kwa miongo kadhaa limekuwa likijitahidi kuhuisha meli zake za doria.

Historia ya juhudi hizo haihusu mizinga na rada peke yake. Inahusu pia mikataba iliyotiwa saini kwa siri, meli iliyokaa Ulaya kwa miaka saba huku mwenyewe akiingojea, na wavuvi waliokatazwa kwenda baharini usiku kwa sababu dola haikuweza kuwalinda.

NJIA YA GHUBA

Dubai Investments Park ilianzishwa mwaka 1997 katika eneo la hekta zipatazo 2,300. Ndani yake mna viwanda, maghala, ofisi, shule na makazi ya watu, na tangu mwaka 2021 ina kituo chake cha treni za metro. Miongoni mwa watu wanaofanya kazi huko na katika maeneo jirani ya Jebel Ali wamo Wakenya, Waganda na Watanzania, ambao hupeleka nyumbani fedha na mara nyingi bidhaa pia.

Biashara kati ya Ghuba na pwani ya Waswahili ni ya kale. Majahazi yaliteremka kwa pepo za kaskazi na kurejea kwa kusi karne nyingi kabla ya kuwapo kwa kontena. Meli za leo hazingoji upepo, lakini bahari ni ile ile na hatari zake hazijatoweka.

Mwezi Machi 2024 meli ya Bangladesh, MV Abdullah, ilitekwa na maharamia wa Kisomali ikiwa na mabaharia 23. Ilikuwa imebeba makaa ya mawe kutoka Maputo, Msumbiji, kwenda Umoja wa Falme za Kiarabu. Iliachiwa mwezi uliofuata, lakini tukio hilo liliwakumbusha wenye meli kwamba uharamia uliodhaniwa kuwa umekwisha ulikuwa umelala tu.

Gharama ya matukio ya namna hiyo haiishii kwa mwenye meli. Bima inapopanda, nauli ya shehena hupanda, na hatimaye bei ya mchele, vipuri na magari yaliyotumika hupanda katika masoko ya Mombasa, Kampala na Kigali.

KUTOKA KWA WAINGEREZA

Kabla ya uhuru, ulinzi wa bahari ya Afrika Mashariki ulikuwa mikononi mwa Uingereza. Katika miaka ya 1950 Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar zilihudumiwa na jeshi moja la wanamaji, ambalo makao yake yalikuwa Mombasa. Jeshi hilo lilivunjwa mwaka 1962, na kila nchi ikabaki kujitafutia njia yake.

Jeshi la Wanamaji la Kenya liliundwa tarehe 12 Desemba 1964, siku ile ile ambayo nchi iligeuka kuwa jamhuri. Kituo chake kikuu kiliwekwa Mtongwe, ng'ambo ya mlango wa Kilindini.

Meli zake tatu za kwanza, Simba, Chui na Ndovu, zilijengwa na kampuni ya Vosper ya Uingereza na kuingia kazini mwaka 1966. Zilikuwa boti za doria zenye urefu wa mita 31 hivi. Maafisa wa Kiingereza waliendelea kuliongoza jeshi hilo hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, ambapo J. C. J. Kimaro alikuwa Mkenya wa kwanza kushika ukamanda.

Kwa muda mrefu wanamaji walionekana kuwa ndugu mdogo mbele ya jeshi la nchi kavu. Hata hivyo, afisa mwanamaji, Jenerali Joseph Kibwana, aliongoza majeshi yote ya Kenya kuanzia mwaka 2000 hadi 2005, na mwanamaji mwingine, Jenerali Samson Mwathethe, akashika wadhifa huo kati ya mwaka 2015 na 2020.

MIAKA YA MAKOMBORA

Hatua ya kwanza kubwa ya uhuishaji ilikuja katika miaka ya 1970. Mwaka 1974 ilipokewa meli ya Mamba, na mwaka uliofuata zikafuata Madaraka, Jamhuri na Harambee, zote zikiwa zimejengwa Uingereza. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 zilifungwa makombora ya Gabriel kutoka Israel.

Mwishoni mwa muongo huo ziliwasili Nyayo na Umoja, zenye urefu wa karibu mita 57. Kila moja ilikuwa na mzinga wa milimita 76 na makombora ya Otomat ya kupigia meli, na iliweza kwenda kwa kasi ya zaidi ya kilomita 70 kwa saa. Zilikuwa manowari zenye nguvu kuliko zote ambazo Kenya ilikuwa imewahi kumiliki.

Sababu za kuzinunua zilikuwa wazi kwa wakati huo. Somalia chini ya Siad Barre ilikuwa imepewa boti za makombora na Umoja wa Kisovieti, na madai yake juu ya kaskazini mashariki mwa Kenya hayakuwa yamesahaulika Nairobi. Jeshi la wanamaji lilijengwa kwa ajili ya vita vya saa chache kati ya dola na dola.

Vita hivyo havikutokea. Serikali ya Siad Barre ilianguka mwaka 1991, na boti zake zikaozea bandarini. Adui aliyechukua nafasi yake hakuwa na manowari wala bendera. Alikuwa mvuvi haramu kutoka mbali, msafirishaji wa heroini, mtekaji nyara na baadaye haramia.

Makombora nayo yana umri. Fataki zinazoyasukuma na mitambo yanayoyaongoza huchakaa hata yasipofyatuliwa, na kuyahuisha hugharimu fedha nyingi. Nyayo na Umoja zilipelekwa Italia kufanyiwa matengenezo makubwa na kampuni ya Fincantieri, na ziliporejea mwaka 2011 hazikuwa tena na makombora.

Kwa mtazamaji wa kawaida hilo lilionekana kuwa kurudi nyuma. Kwa kazi iliyokuwapo lilikuwa na mantiki yake, kwa kuwa meli ya doria huhitaji zaidi injini za kuaminika, mafuta ya kutosha, rada nzuri na boti ndogo ya kupandia katika jahazi linalotiliwa shaka.

MELI ILIYONGOJEWA MIAKA SABA

Uhispania ilikuwa chimbuko la kizazi kilichofuata. Katika miaka ya 1990 karakana ya Gondán ilijenga Galana na Tana, meli za kubebea askari na vifaa, na baada yake Shujaa na Shupavu, meli za doria zilizoingia kazini mwaka 1997.

Mwaka 2003 serikali ya Kenya ilitia saini mkataba wa meli nyingine kubwa zaidi kutoka karakana hiyo hiyo, kwa gharama iliyotajwa kuwa takriban shilingi bilioni 4.1. Meli hiyo yenye urefu wa mita 85 ilipewa jina la Jasiri.

Mkataba haukufanywa moja kwa moja kati ya serikali na karakana, bali kupitia kampuni ya kati. Mwaka 2004 ilipofichuka kashfa ya Anglo Leasing, iliyohusu mikataba ya usalama iliyotolewa bila uwazi, mkataba wa Jasiri uliwekwa katika orodha ya mikataba 18 iliyochunguzwa. Maswali yaliulizwa kuhusu bei, kuhusu namna ya kulipa na kuhusu nani hasa aliyenufaika.

Malipo yalisimamishwa mwaka 2005, wakati meli ilikuwa imekwisha kujengwa. Jasiri ikabaki Uhispania. Serikali haikutaka kulipa bila kujua inalipia nini, na muuzaji hakutaka kuiachia bila kulipwa.

Katika kipindi hicho hicho uharamia katika pwani ya Somalia ulifikia kilele chake. Mwaka 2011 pekee Shirika la Kimataifa la Bahari la Wafanyabiashara lilihesabu mashambulizi 237 yaliyofanywa na maharamia wa Kisomali. Nchi iliyohitaji meli kuliko wakati wowote ilikuwa na meli mpya kabisa, lakini ilikuwa imefungwa kwenye gati la Ulaya. Jasiri iliwasili Mombasa mwaka 2012.

Somo la Jasiri linaweza kusomwa kwa namna mbili. Wapo wanaosema kwamba uchunguzi uliichelewesha silaha iliyohitajika. Ukweli wa tarehe unaonyesha mambo kwa mpangilio mwingine: uchunguzi ulilazimika kwa sababu mkataba ulifichwa. Zabuni ingefanywa hadharani, kusingekuwa na cha kuchunguza, na meli ingefika pwani kabla ya maharamia kuzidi nguvu.

MAHARAMIA NA KISMAYU

Tarehe 25 Septemba 2008 maharamia waliiteka MV Faina, meli iliyokuwa ikielekea Mombasa na vifaru 33 vya aina ya T-72. Iliachiwa Februari 2009 baada ya fidia kulipwa. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2008 manowari za Ulaya, Marekani, India, China na nchi nyingine zilikuja kulinda njia hiyo ya bahari.

Kenya ilichangia kwa kuwashitaki washukiwa wa uharamia katika mahakama za Mombasa, huku meli zake zikibaki karibu na pwani. Mwaka 2011 Ufaransa iliipa meli ya doria iliyokwisha kutumika, La Rieuse, ambayo ilipewa jina la Harambee. Marekani nayo ilikuwa imetoa boti ndogo za mwendo wa kasi.

Septemba na Oktoba 2011 watekaji nyara walikuja kwa boti hadi katika visiwa vya Lamu na kuwachukua raia wa kigeni. Matukio hayo yaliua biashara ya utalii katika eneo hilo, na yalikuwa miongoni mwa sababu zilizotolewa na Nairobi ilipopeleka majeshi Somalia mwezi Oktoba mwaka huo.

Tarehe 28 Septemba 2012 askari wa Kenya waliteremshwa kwa meli katika ufukwe ulio karibu na Kismayu, bandari iliyokuwa ngome ya al-Shabaab. Ilikuwa operesheni ya kwanza ya aina hiyo kwa jeshi la Kenya, na iliwezekana kwa kuwa zilikuwapo meli za kubebea askari zilizonunuliwa miaka 18 nyuma, ambazo hazikuwa na sifa ya kutisha adui.

Mzigo wa hali ya usalama uliwaangukia pia watu wasio na silaha. Wavuvi wa Lamu walipigwa marufuku kuvua usiku kwa miaka kadhaa, ingawa aina nyingi za samaki hupatikana usiku. Kwa familia za Kizingitini na Faza, udhaifu wa doria ulionekana ndani ya chungu.

HEROINI NA METHAMPHETAMINE

Njia ya bahari kutoka pwani ya Makran, kwenye mpaka wa Iran na Pakistan, imekuwa kwa miaka mingi barabara ya dawa za kulevya zinazoletwa Afrika Mashariki kwa majahazi. Sehemu hupelekwa Ulaya, na sehemu hubaki katika mitaa ya Mombasa, Malindi, Zanzibar na Dar es Salaam.

Aprili 2014 kilo 1,032 za heroini zilikamatwa ndani ya jahazi karibu na pwani ya Kenya. Aliyezikamata alikuwa nahodha wa manowari ya Australia, HMAS Darwin, iliyokuwa katika kikosi cha kimataifa. Mwezi Agosti mwaka huo Kenya yenyewe ililipua baharini meli iliyokamatwa na heroini, mbele ya Rais Uhuru Kenyatta.

Oktoba 2025 mambo yalikuwa tofauti. Jeshi la Wanamaji la Kenya, likishirikiana na idara nyingine, lilikamata katika bahari kuu jahazi lisilo na bendera likiwa na zaidi ya tani moja ya methamphetamine na mabaharia sita raia wa Iran. Jahazi hilo lilikokotwa hadi Mombasa.

Kati ya matukio hayo mawili imepita miaka kumi na moja. Tofauti yake ndiyo maana halisi ya kuhuisha jeshi la wanamaji: meli yenye uwezo wa kwenda mbali, kukaa huko, na kurudi na ushahidi unaoweza kusimama mahakamani.

KWA NINI HAKUNA NYAMBIZI

Hakuna nchi ya Afrika Mashariki yenye nyambizi. Barani Afrika, Misri, Algeria na Afrika Kusini ndizo zinazozimiliki. Swali huulizwa mara kwa mara, hasa inapotajwa mifano ya Asia ya Kusini Mashariki, ambako nchi zilizopata uhuru katika zama zile zile zina nyambizi.

Singapore ilinunua za kwanza, zilizokwisha kutumika, kutoka Sweden katika miaka ya 1990. Malaysia ilipokea mbili mpya kutoka Ulaya mwaka 2009 na 2010. Vietnam ilikabidhiwa sita na Urusi kati ya mwaka 2013 na 2017, na Myanmar ikapata moja kutoka India mwaka 2020.

Nchi hizo zina sababu ambazo pwani ya Afrika Mashariki haina. Baadhi yake zinapakana na Bahari ya Kusini ya China, ambako China inadai sehemu kubwa ya maji. Nyambizi chache zinaweza kumfanya mwenye nguvu asite, kwa kuwa hajui ziko wapi. Haramia wa Kisomali au jahazi la heroini haliwezi kuzuiwa kwa njia hiyo, kwa sababu nyambizi haikagui shehena wala haiokoi wavuvi.

Gharama haziishii kwenye bei. Nyambizi huhitaji kituo chake, mafundi wake, miaka ya mafunzo na chombo cha uokoaji. Tarehe 21 Aprili 2021 nyambizi ya Indonesia, KRI Nanggala, iliyokuwa imetumika tangu mwaka 1981, ilizama kaskazini mwa Bali na watu wote 53 waliokuwamo wakafariki dunia. Septemba 2023 wanamaji watatu wa Afrika Kusini walipoteza maisha baada ya kukumbwa na mawimbi wakiwa juu ya nyambizi Manthatisi, karibu na Cape Town. Nyambizi tatu za nchi hiyo zimetumia muda mwingi zikiwa bandarini kwa uhaba wa fedha za matengenezo.

Thailand nayo iliagiza nyambizi kutoka China mwaka 2017, lakini Ujerumani ilikataa kuiuzia China injini zilizoandikwa katika mkataba. Mradi huo ukakwama kwa miaka hadi Bangkok ilipokubali injini za Kichina mwaka 2025.

Hata katika meli za juu ya maji, Asia ya Kusini Mashariki ina Jasiri zake. Malaysia iliagiza manowari sita za kupigana karibu na pwani kutoka karakana ya nyumbani. Mwaka 2022 kamati ya bunge iliripoti kwamba zaidi ya ringgit bilioni 6 zilikuwa zimelipwa, na hakuna hata moja iliyokuwa imekabidhiwa.

MAJIRANI

Tanzania ilifuata njia nyingine. Kamandi ya Wanamaji ya Jeshi la Wananchi, yenye makao yake Kigamboni, ilijengwa kwa msaada wa China na imeendelea kutegemea meli kutoka huko. Aprili 2015 Rais Jakaya Kikwete alizindua meli mbili za doria, Mwitongo na Msoga. Jina la kwanza linatokana na maskani ya Mwalimu Nyerere huko Butiama, na la pili ni la kijiji cha Kikwete mwenyewe. Zanzibar ina kikosi chake cha kuzuia magendo, KMKM, chenye majukumu ya doria na uokoaji.

Umoja wa Falme za Kiarabu nao umejitokeza kuwa mshiriki katika ulinzi wa bahari hii. Mwaka 2011 uliipa Shelisheli boti tano za doria na kuijengea kituo cha walinzi wa pwani. Ulifadhili pia kikosi cha polisi wa baharini cha Puntland, kaskazini mashariki mwa Somalia. Karakana ya Abu Dhabi Ship Building, iliyoanzishwa mwaka 1996, imekuwa muuzaji wa nje: mwaka 2023 ilitangazwa kwamba itaijengea Angola manowari tatu kwa mkataba wa karibu euro bilioni moja.

Funzo chungu kuliko yote limetoka Msumbiji. Mwaka 2013 na 2014 kampuni tatu za serikali zilikopa takriban dola bilioni 2 kwa ajili ya boti za doria, rada na meli za kuvulia jodari. Muuzaji alikuwa kundi la Privinvest, na mikopo ilidhaminiwa na serikali bila bunge kuarifiwa.

Siri hiyo ilipofichuka mwaka 2016, Shirika la Fedha la Kimataifa na wafadhili walisimamisha misaada, sarafu ikaporomoka, na maisha ya wananchi yakawa magumu. Aliyekuwa waziri wa fedha, Manuel Chang, alitiwa hatiani mjini New York Agosti 2024 na baadaye kuhukumiwa kifungo cha miaka minane na nusu. Julai 2024 Mahakama Kuu ya London iliamua kwamba Privinvest iilipe Msumbiji fidia.

Ilhali deni lilichukuliwa kwa jina la kuilinda pwani, mwezi Agosti 2020 wapiganaji waliuteka mji wa bandari wa Mocímboa da Praia, katika mkoa wa Cabo Delgado, na kuushikilia kwa mwaka mzima. Walioukomboa ni majeshi ya Rwanda na Msumbiji, kwa njia ya nchi kavu.

WALINZI WA PWANI NA KARAKANA

Kenya imefanya mageuzi mawili ambayo pengine yana uzito kuliko ununuzi wa manowari mpya.

La kwanza ni kuligawa jukumu. Tarehe 19 Novemba 2018 Rais Uhuru Kenyatta alizindua Huduma ya Walinzi wa Pwani huko Liwatoni, Mombasa, kwa sheria iliyopitishwa mwaka huo. Kikosi hicho hushughulikia uvuvi haramu, magendo na uokoaji, baharini na katika maziwa. Chombo chake kikubwa, Doria, kilijengwa Bangladesh. Kwa mpango huo wanamaji hubaki na kazi ya kijeshi na ya bahari ya mbali.

La pili ni kutengeneza meli nyumbani. Kampuni ya serikali ya Kenya Shipyards ilianzishwa mwaka 2020 chini ya wizara ya ulinzi. Mwaka 2021 kilizinduliwa Mtongwe chelezo kipya cha kupandishia meli kubwa nchi kavu. Kisumu, kampuni hiyo iliunda MV Uhuru II, meli ya mizigo ya Ziwa Victoria, kwa ushirikiano na Damen ya Uholanzi.

Umuhimu wa hatua hiyo unaonekana kwa kuhesabu. Meli inayopelekwa Italia au Uholanzi kutengenezwa huondoka kwa muda mrefu, hulipiwa kwa fedha za kigeni, na huwaacha mafundi wa Mombasa bila ujuzi. Meli inayopandishwa Mtongwe hurudi kazini mapema, na ujuzi hubaki.

Kanuni inayojulikana na wanamaji wa nchi nyingi husema kwamba katika kila meli tatu, moja huwa baharini, moja hujiandaa na moja hutengenezwa. Mwishoni mwa mwaka 2012 Kenya ilikuwa na meli sita kubwa za doria: Nyayo, Umoja, Shujaa, Shupavu, Harambee na Jasiri. Kwa kanuni hiyo, mbili tu ndizo zilizoweza kutarajiwa kuwa baharini siku yoyote, katika pwani ya kilomita zipatazo 600 na maji yanayoenea hadi maili 200.

YALIYOSALIA

Kazi zinazongoja si ndogo. Gati la kwanza la bandari mpya ya Lamu lilifunguliwa Mei 2021, katika eneo ambalo Januari 2020 al-Shabaab walishambulia kambi ya Manda Bay na kuwaua Wamarekani watatu. Tarehe 12 Oktoba 2021 Mahakama ya Haki ya Kimataifa mjini The Hague iliipa Somalia sehemu kubwa ya bahari iliyokuwa ikigombaniwa na nchi hizo mbili. Kenya iliikataa hukumu hiyo, na mpaka wa maji ukabaki suala la siasa na la doria kwa pamoja.

Bajeti za ulinzi katika nchi za Afrika Mashariki hujadiliwa kwa ufupi na kupitishwa kwa jumla. Wabunge huambiwa kwamba undani wake ni siri ya dola. Ni kweli kwamba uwezo wa rada au mpango wa operesheni haupaswi kutangazwa sokoni. Lakini bei ya meli, jina la muuzaji na tarehe ya kukabidhiwa si siri ambazo adui anaweza kuzitumia. Katika kisa cha Jasiri, na katika kile cha Msumbiji, mtu pekee ambaye hakujua alikuwa mlipa kodi.

Kwa hiyo idadi ya meli zinazopigwa picha siku ya uzinduzi haitoshi kuwa kipimo cha uhuishaji. Kipimo ni siku ambazo meli hizo hukaa baharini katika mwaka, na kama mvuvi wa Kiunga anaweza kutupa wavu wake usiku akijua kwamba taa inayomkaribia ni ya mlinzi.